Mtoto Uliyemzika kwa Mdomo

Salamabila, tarehe 5 Februari 2023

Kwa Dada Asumini,

Nakusalimu wewe na Mama, na wote wanaouliza habari zangu hapo mtaani. Miguu ya Mama inaendeleaje? Dawa ya kupaka aliyoniagiza nimeipata, inakuja na barua hii. Anayeileta anaitwa Alimasi, ni motari, dereva wa pikipiki ninayemwamini, anafanya safari ya Kasongo kila baada ya wiki mbili, njia ikiruhusu. Majibu mpe yeye tu.

Huku mvua zimetushika. Sururu na sepetu zangu zinauzika kwa wachimba dhahabu, namshukuru Mungu.

Dada, najua mwezi uliopita niliondoka vibaya. Nilimshusha Faridah kwenye pikipiki, nikaweka kifurushi cha nguo zake mlangoni, nikageuza hata chai sijanywa. Uliniuliza mara tatu kuna nini, nikakujibu habari za barabara. Nisamehe. Tangu mama yake afariki ni mwaka wa pili nalea peke yangu, na kazi yangu unaijua.

Nitunzie mtoto miezi miwili tu. Anakula wali mweupe, usimwekee mchuzi juu. Hapendi kuguswa kichwa. Mvua ikipiga bati ataziba masikio na kulia, usimpige, haisaidii. Ana miaka sita na hajasema neno, lakini anasikia yote.

Usinipigie simu. Nyumba za huku ni za mbao, jirani anasikia hata ukikohoa. Niandikie.

Mdogo wako,
Nourdine


Kasongo, tarehe 27 Februari 2023

Mdogo wangu Nourdine,

Barua yako imetufikia, na sisi tuko wazima. Mama anashukuru kwa dawa, ingawa analalamika kwamba inanuka kama mafuta ya pikipiki. Mimi niko na kazi tele, shule mbili zimeniletea sare za kushona.

Nikueleze habari za Faridah. Wiki ya kwanza nilidhani nitashindwa. Kila nguo niliyomvalisha aliivua. Alijiuma mkono mpaka ukavimba. Mara mbili alitoroka uani, mara ya pili mwenye baiskeli alimrudisha kutoka njia ya soko. Watu wakaanza kuniletea ushauri, huyu maombi, yule majani ya kuchemsha.

Halafu mteja wangu mmoja, Mama Sidonie, alikuja kuchukua blauzi yake. Akamwona Faridah chini ya meza ya cherehani, amejibana katikati ya marobota ya vitambaa. Hakushangaa. Aliketi sakafuni na sketi yake nzuri, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Akibanwa hivi anatulia?"

"Anatulia. Anaweza kukaa hapo asubuhi nzima."

"Basi mwili wake unatafuta uzito. Na nguo, anazivua kwa nini?"

"Ukaidi tu."

Alichukua gauni la mtoto, akaligeuza ndani nje. "Mama Asumini, pitisha kidole kwenye mshono huu. Wewe unasikia uzi. Yeye anasikia miiba."

Nourdine, mimi nashona mwaka wa kumi na tisa sasa, na jambo hilo sikuwahi kuliwaza. Nimemtengenezea gauni la pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika, mishono yote iko nje. Analivaa! Watu wanacheka kwamba fundi amemvalisha mtoto nguo kinyume. Wacha wacheke.

Kazi ya Sidonie inaitwa ergoterapi. Anasaidia watoto waweze mambo ya kila siku: kula, kuvaa, kukaa, kucheza na wenzao. Ana chumba kidogo nyuma ya kituo cha afya, tunakwenda Jumanne na Alhamisi. Humo kuna bembea, kuna beseni la mchele mkavu ambamo mtoto anatafuta vifuniko vya chupa, kuna mfuko wa mchanga anaowekewa mapajani. Faridah akiwekewa mfuko huo anakaa kitako kama mtu mzima anayesubiri zamu yake.

Sasa neno lililonikaa moyoni. Nikimwogesha nimeona mguu wake wa kushoto, juu ya kifundo. Kuna alama imezunguka mguu wote. Imekauka, lakini si ya zamani. Sidonie naye ameiona, akaandika kwenye daftari lake bila kuniuliza. Ile ni nini? Nani alifanya?

Dada yako,
Asumini


Salamabila, tarehe 3 Aprili 2023

Dada Asumini,

Natumaini mfungo unaendelea vizuri hapo nyumbani na Mama hajilazimishi. Mwambie mwenye miguu mibovu Mungu hamdai. Nimekutumia sabuni na kitenge kimoja.

Nimefurahi kusikia kwamba anavaa nguo. Je, amesema neno lolote? Amesema "baba"? Maana kama hasemi, sijui mazoezi hayo yana faida gani. Bembea mtoto anaipata popote.

Idi sitakuja. Njia imeharibika, na kuna sehemu watu wenye silaha wanasimamisha pikipiki. Ile miezi miwili ongeza kidogo.

Kuhusu mguu, watoto huumia.

Jambo moja nakuomba sana. Usimpige mtoto picha ukampa mtu. Na mfanyabiashara yeyote anayetoka huku asimwone. Nina sababu.

Nourdine


Kasongo, tarehe 30 Aprili 2023

Nourdine,

Mama ni mzima. Siku ya Idi alikaa mlangoni tangu watu watoke msikitini mpaka jua likageuka, akitazama kila pikipiki. Nilimwambia huji, akajibu kwamba njia zinaweza kufunguka.

Mtoto wako siku hiyo alikula kwa kijiko. Sidonie alifunga mpini kwa mpira wa tairi ya baiskeli, ukawa mnene, mkono wa Faridah ukaweza kuushika. Alikula sahani nzima bila kumwaga. Uliniuliza faida ya mazoezi, faida ndiyo hiyo. Neno hajasema.

Sasa nikueleze kilichotokea juzi Ijumaa. Alikuja mwanamke anayeuza vitenge, anaitwa Mama Junior, anazunguka Kasongo, Kindu na huko kwenu. Alitaka nimpunguzie gauni. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, pini ziko mdomoni, akaniuliza:

"Mama, wewe iko dada ya Nourdine, ule wa sururu, kule Salamabila?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Aa, pole sana, mama. Kwanza bibi yake, kisha tena mutoto. Lakini Mungu amemufariji. Ule bibi mupya, Safia, iko na heshima sana."

Nilizitoa zile pini mdomoni moja moja. Nikamuuliza mtoto yupi. Akasema: "Ule mutoto mwanamuke asiyesemaka. Si alikufa na homa mu njia, Januari? Baba yake mwenyewe alituambia. Tulikaa kilio."

Faridah alikuwa chini ya meza, hatua mbili kutoka kwetu. Hasemi lakini anasikia yote. Ni wewe uliyeniandikia hivyo.

Nilimaliza kazi ya yule mwanamke, akaenda.

Sasa naelewa kwa nini nisipige simu. Umeoa, Mama hajui. Umemzika mtoto wako kwa mdomo na watu wakakulilia. Sijui kilichokupata, na leo sitaki maelezo. Nataka uniandikie kwa mkono wako maneno matatu: Faridah yuko hai. Ukishindwa, usiniite dada tena.

Asumini


Kasongo, tarehe 4 Juni 2023

Nourdine,

Alimasi amepita mara mbili, mikono mitupu. Anasema uko mzima na duka liko wazi.

Mama hajui lolote bado. Nimechoka kumdanganya.

Sikuandikii kwa ajili yangu. Sidonie anauliza kama mtoto aliwahi kufungwa. Anasema hatafuti wa kumshtaki. Wiki iliyopita alibadilisha kitambaa cha bembea akaweka kamba, Faridah alipoiona alipiga kelele mpaka akatapika, na tangu siku hiyo hataki kuingia kile chumba. Miezi mitatu ya kazi inapotea. Sidonie anataka kujua mtoto anaogopa nini, ili asimtishe tena bila kujua.

Nijibu.

Asumini


Salamabila, tarehe 11 Juni 2023

Dada,

Faridah yuko hai. Nimeandika.

Alimasi amekaa dukani ananisubiri nimalize, kwa hiyo nitasema yote mara moja.

Aliyemfunga ni mimi. Kamba ya nailoni, kwenye nguzo ya nyumba. Alikuwa anatorokea kwenye mashimo ya dhahabu. Mara tatu nilimkuta amelala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo, sikio ameliweka kwenye udongo. Mwanamke niliyempa kazi ya kumwangalia alikimbia, wa pili naye akakimbia. Nikawa namfunga asubuhi nikienda dukani, namfungua adhuhuri. Siku moja wateja walikuwa wengi nikarudi jua linazama. Alikuwa amevuta mpaka kamba ikaingia kwenye nyama. Hakuwa analia tena. Alinitazama tu.

Siku chache baadaye, mwezi wa kwanza, alipiga kelele asubuhi nzima. Mimi nadhani ni kwa sababu ya mguu. Mchana shimo moja likaporomoka, watu watatu wakafa. Jioni hiyohiyo nikasikia watu wanasema mutoto wa Nourdine anaitaka udongo, yaani anauita uporomoke. Kesho yake walikuja wanaume watano, na kati yao kaka wa mmoja wa marehemu. Wakasema: "Mutoto anatoka hapa leo. Kama hapana, tutamutoa sisi wenyewe." Ndipo nikampakia nikamleta kwako.

Niliporudi waliniuliza yuko wapi. Niliogopa wangemfuata. Nikasema amefia njiani kwa homa, kama mama yake. Na wale wale watano wakanipa pole, wakanisaidia kuweka turubai la kilio.

Safia ni binti wa mzee mmoja aliyekuja kwenye kilio kile. Tulifunga ndoa mwezi wa tatu. Ana mimba ya miezi mitatu. Hajui.

Na lililo baya zaidi nakuambia wewe peke yako. Watu walipokuwa wananipa pole, nilisikia moyo unapoa. Zikapita siku sikumkumbuka hata mara moja.

Dada, yule Mama Junior ulimwambia nini? Barua yako haisemi. Namwomba Mungu uwe hukumwambia kitu.

Nourdine


Kasongo, tarehe 15 Juni 2023

Nourdine,

Sina salamu ndefu, Alimasi amekubali kugeuza leo leo.

Nilimwambia. Niliinua kitambaa cha meza nikamwambia: "Huyu hapa. Mwangalie vizuri, halafu uende uwaambie." Mama Junior aliinama, akamwona, akabadilisha nguo haraka, akaondoka bila gauni lake. Nilikuandikia kwamba nilimaliza kazi yake. Si kweli, gauni bado liko hapa. Nilificha kwa sababu nilitaka uumbuke mbele ya watu bila kujua limetoka wapi. Sikujua habari za wale wanaume. Nisamehe.

Alisema anapitia Kindu kwanza, na Salamabila atafika kama katikati ya mwezi huu. Labda ameshafika.

Mwambie Safia mwenyewe kabla hajaambiwa. Kisha tokeni hapo. Duka liache.

Asumini


Kabambare, tarehe 19 Julai 2023

Dada Asumini,

Tuko hai. Tuko hapa Kabambare, kwa mama mdogo wa Safia, mwanamke mkarimu mwenye mihogo mingi na maswali machache. Najua umekaa mwezi mzima bila habari. Alimasi alikuwa ameshikwa na homa, na mtu mwingine sikumwamini.

Barua yako ilichelewa kwa siku mbili. Mama Junior alikuwa ameshafika. Nilirudi nyumbani nikamkuta Safia anapepeta mchele. Hakuinua macho. Akaniuliza, "Anakula nini?"

Nilianza kujieleza: wale watu, shimo, hofu yangu. Akasimamisha ungo. "Sikukuuliza ile. Nimekuuliza mutoto anakula nini."

Nikasema wali mweupe. Akauliza anaitwa nani, ana miaka mingapi, anapenda nini. Swali la mwisho sikuweza kulijibu, Dada. Nilikaa naye miaka sita.

Kesho yake kaka wa yule marehemu alikuja dukani. Aliketi kwenye benchi mchana kutwa, wateja wakimwona wanapita mbali. Kabla ya kuondoka akasema, "Tulikulilia. Mutoto wako tulimulilia." Kisha akasema nisikae mpaka Ijumaa. Baba wa Safia hakutoka kutuaga. Tuliondoka na vile ambavyo pikipiki moja inaweza kubeba.

Nataka kuja Kasongo. Nikija bila kukuambia naogopa utanifungia mlango, na nikikuambia naogopa vilevile. Nije?

Nourdine


Kasongo, tarehe 27 Julai 2023

Mdogo wangu,

Alhamdulillahi. Mwezi huu kila pikipiki iliyosimama hapa nje ilinitoa jasho.

Nimemwambia Mama yote. Hakulia. Aliniambia nimsogeze karibu na meza ya cherehani. Sasa anashinda hapo. Faridah hamkaribii, lakini hamkimbii pia.

Sidonie nimemsomea ile sehemu ya kamba. Aliondoa kila kamba kwenye chumba chake, hata ya pazia. Imechukua wiki tano mtoto kurudi kukaa kwenye bembea.

Njoo, mlango uko wazi. Lakini Sidonie anataka uje hivi. Pikipiki uiache njiani, injini inamtisha. Mizigo uifungue huko huko, usiingie uani na kamba yoyote, hata mpira wa kufungia. Usimwite jina. Usimshike. Keti chini mbali naye ufanye kazi ya mikono, chambua hata maharage. Usimletee zawadi ya kumvutia. Akikukimbia, usimfuate.

Utaweza?

Asumini


Kabambare, tarehe 21 Agosti 2023

Dada Asumini,

Nimefika salama. Safia anakusalimu, na mama mdogo wake ananiuliza nini kimenikondesha kwa siku nne. Mwambie Mama zile siku za kukaa karibu naye zimenishibisha moyo kwa mwaka mzima.

Kwako sikuweza kuzungumza. Uliniona. Kila ulipouliza nilikuwa nasema maharage haya yana mawe mengi. Ngoja niandike.

Siku ya kwanza, nilipoingia, alinitazama mara moja, akavuta gauni akafunika miguu yake yote miwili. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kwa lile gauni sikuwa nimejiandaa.

Siku ya pili na ya tatu alibaki chini ya meza nilipokuwepo. Ulifikiri nimekasirika nilipotoka nikaenda mpaka karibu na msikiti. Nilikuwa nalia, Dada, sikutaka anisikie.

Siku ya nne Sidonie alikuja. Faridah akatoka, akala kwa kile kijiko chake, amenipa mgongo. Nikamuuliza Sidonie kama hiyo ni dalili nzuri. Akasema, "Amekupa mgongo. Mtu unayemwogopa sana humpi mgongo. Lakini sitakuahidi kitu, Baba Faridah." Tangu nimpate huyo mtoto, hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Nilipomuuliza inachukua muda gani, alinijibu kwamba inategemea nani ana haraka.

Nimerudi huku na nimefanya jambo ambalo hukuniomba. Nimemwambia Safia habari ya kamba. Yeye alijua uongo wa kifo tu, na nilikuwa nimemwachia aamini kwamba alama ile ni ya ajali. Nilimwambia yote, mpaka lile la kupoa moyo.

Siku ya tatu alifunga nguo zake. Nikajua anarudi kwa baba yake. Akasema, "Naenda Kasongo, kwa Dada Asumini. Nitajifunza na yule Mama Sidonie namna ya kukaa na mutoto. Wewe utakuja nyuma, lakini hautalala mu nyumba ile." Kisha akashika tumbo lake akaniambia kwamba hata huyu atakayezaliwa hataachwa peke yake na mimi, mpaka siku yeye Safia atakapoona inafaa, na siku hiyo nisimuulize itakuwa lini.

Nimekubali.

Ataondoka kesho na Alimasi, aliyebeba barua hii. Anaogopa kidogo kukutana na wewe na Mama, ingawa hatasema. Mpokee. Mpe chai kabla ya maneno.

Ulisema jirani yenu ana chumba kinachotazama njia. Kama bado kiko wazi, nishikie.

Nourdine